Kishikwambi au kompyuta ya kupakata? Hesabu kwanza safari zako za steshenari

Nina steshenari ndogo Mbeya mjini, mwendo wa dakika chache kutoka Kabwe. Nachapa, natoa kopi, naweka programu kwenye kompyuta za watu, najaza fomu za mtandaoni kwa wasio na muda wala uvumilivu. Haipiti wiki bila mtu kusimama mbele ya meza, hela yake iko mfukoni, akaniuliza: "Kaka, ninunue tableti au laptop?" Nami humjibu kwa swali: "Mwezi uliopita ulikuja hapa mara ngapi, na kila ulipokuja ulifuata nini?"

Wengine hucheka. Lakini sijapata kipimo kingine kinachokizidi hicho. Kifaa kinachokufaa ni kile kinachoimaliza kazi yako bila kukuleta kwangu. Najua hapo naipiga teke riziki yangu, ila wateja wa steshenari hawajawahi kuisha.

Tuelewane maneno kwanza. Tableti nitaiita kishikwambi. Tangu makarani wa Sensa ya Agosti 2022 walipopita navyo nyumba kwa nyumba, hata kwa bibi kule Rungwe neno hilo si geni. Na nikisema kompyuta, namaanisha ile ya kupakata, nyepesi, ya inchi 13 au 14, yenye kilo moja na ushee. Siyo lile dubwana la kilo tatu.

Hatua ya 1: Kaa na daftari siku 30

Usiende dukani bado. Chukua daftari, chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika kazi za kupokea: kusoma PDF, kutazama masomo ya video, magrupu ya WhatsApp, kikao cha Zoom, kuulizia bei za mazao. Kulia andika kazi za kutengeneza: barua inayozidi ukurasa, jedwali la mauzo, mtihani, ripoti, mchanganuo wa biashara, maombi ya zabuni. Kila jioni weka alama kwa ulichofanya siku hiyo, hata kama ulikifanya kwa simu au ulimlipa mtu akufanyie. Ulichomlipa mtu kizungushie duara.

Kuna mwalimu wa sekondari upande wa Uyole ambaye ana kishikwambi cha sensa, vile vilivyogawiwa walimu kazi ya kuhesabu watu ilipokwisha. Kusoma muhtasari, kujaza PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, kuwaonyesha wanafunzi video ya mzunguko wa damu, vyote kinamfanyia bila kelele. Ila kila mwisho wa muhula ananiletea mitihani kwenye karatasi za kuandikwa kwa mkono. Maswali 50 yenye sehemu, vipeo na michoro ya pembetatu, kuyaandika kwa vidole viwili juu ya kioo ni adhabu. Amejaribu mara moja, akaniambia afadhali kupalilia. Huyo kishikwambi anacho na bado anahitaji kompyuta.

Kinyume chake kuna dada anayekusanya parachichi kwa wakulima wa Rungwe. Anapiga picha mzigo, anaandika kilo na jina la mkulima, anatuma. Kazi inafanyika amesimama, miguu kwenye matope, mkono mmoja umeshika mwavuli. Aliwahi kuwa na kompyuta, ikawa inabaki nyumbani imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya zamani. Sasa ana kishikwambi cha inchi 8 chenye laini. Akija kwangu siku hizi anakuja kunisalimia tu, na mkungu wa ndizi juu.

Kanuni yangu ni hii: ukihesabu alama za upande wa kulia zikawa tatu au zaidi kwa wiki, nunua kompyuta. Zikiwa moja moja na fupi fupi, kishikwambi kinatosha. Na kama ukurasa wako wote umejaa WhatsApp na video, ndugu yangu, simu yenye kioo kikubwa unayo tayari. Hiyo hela nunua mbolea.

Hatua ya 2: Uliza programu, usiulize kifaa

Kuna programu ambazo hazibembelezeki. AutoCAD kamili ya michoro, SPSS ya takwimu, QGIS ya ramani, programu nyingi za uhasibu za ofisini, faili za Excel zenye makro, yaani amri zinazojiendesha: hizo zinataka kompyuta. Mwanafunzi wa uhandisi anayeingia MUST, chuo cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, asipoteze muda na hatua nyingine zote, kwake jibu ni kompyuta na anaweza kuruka hadi hatua ya 5. Wa sheria pale chuo cha RUCU, Iringa, au wa ualimu pale chuo cha Mkwawa ana nafasi ya kuchagua, kwa kuwa nusu ya kazi yake ni kusoma marundo ya PDF. Kusoma huko, kwenye kishikwambi ni raha, unakishika kama kitabu ukiwa umejifunika blanketi. Lakini mwaka wa mwisho una utafiti, na utafiti una jedwali, rejea na msimamizi anayetaka marekebisho kesho asubuhi.

Word na Excel zipo kwenye vishikwambi, ni kweli. Watu wengi hawajui jambo moja: Microsoft huruhusu kuhariri bure kwa vifaa vyenye kioo kisichozidi inchi 10.1. Ukinunua cha inchi 11 au 12 kwa kudhani umejipendelea, ukifika nyumbani utaambiwa ulipie kila mwezi au kila mwaka. Zipo programu nyingine za bure, kama WPS, ila faili likitoka huko likafunguliwa kwangu, jedwali limehamia ukurasa wa pili na sahihi inaelea katikati ya anwani. Nimeona barua za kuomba kazi zimeharibika hivyo dakika kumi kabla ya muda kufungwa. Kwenye kompyuta, LibreOffice ni ya bure, na inafanya kazi hata bando likiisha.

Siku hizi zinaingia pia Chromebook za mtumba, kompyuta zinazotumia mfumo wa Google badala ya Windows, nyepesi na za bei ya chini. Kwa anayeishi ndani ya kivinjari zinafaa. Kabla hujatoa hela hakikisha mambo mawili: tarehe yake ya mwisho ya kupokea masasisho, maana kila modeli ina yake, na kwamba haijafungwa na shule ya huko ilikotoka. Ikiwaka ikasema inasimamiwa na taasisi fulani, irudishe mezani taratibu.

Hatua ya 3: Angalia umeme wa pale unapolala

Hapa ndipo nyanda za juu zinapotofautiana na matangazo ya dukani, na hapa nitakaa kidogo.

Kishikwambi cha inchi 10 kwa kawaida hubeba betri ya wati-saa (kipimo cha umeme inaohifadhi) 25 hadi 30. Kompyuta nyepesi hubeba kama 40 hadi 55. Tofauti yenyewe si hiyo ya ukubwa tu, ni aina ya chakula wanachokula. Kishikwambi kinakubali chaja ya simu, chaja ya gari, hata tundu la USB la kile kiboksi cha sola ambacho kaya nyingi za vijijini zinacho. Kitajaa polepole, lakini asubuhi utakikuta kimejaa. Kompyuta inataka wati 45 hadi 65. Kiboksi cha sola cha volti 5 hakiwezi kuishibisha hata ukiiacha wiki.

Kwa hiyo kama unaishi kijiji cha ndani kule Makete, au shamba lako liko ndani ndani Chunya na nguzo hazijafika, una njia mbili. Ya kwanza ni kishikwambi. Ya pili ni kompyuta inayochajiwa kwa tundu la USB-C, siyo ile yenye pini ya mduara. Hii ya USB-C unaweza kuilisha kwa pawa benki yenye nguvu, bila kupitia inveta ambayo yenyewe inakula umeme njiani. Ila soma maandishi ya pawa benki. Nyingi za mtaani hutoa wati 10 hadi 22, na kompyuta itazikataa au itaendelea kushuka chaji huku imechomekwa. Tafuta inayoandika wati 45 au zaidi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua mAh, ile namba ya uwezo iliyoandikwa kwenye pawa benki, zidisha kwa 3.7, kisha gawa kwa 1,000. Pawa benki ya 20,000 inakupa wati-saa 74 kwenye karatasi. Theluthi hivi hupotea njiani kama joto, unabaki na 50. Hiyo ni kishikwambi karibu mara mbili, au kompyuta mara moja tu.

Kwa wa mjini hesabu inageuka. Umeme ukikatika saa nne asubuhi wenye kompyuta za mezani wanakuja juu, wewe mwenye ya kupakata unaendelea kuandika. Tatizo la mjini ni umeme unaporudi kwa kishindo. Chaja zenyewe zinastahimili volti 100 hadi 240, umeme ukizidi sana hapo zinaweza kuungua. Nunua soketi ya kuzuia mshtuko wa umeme, na wakati wa radi chomoa. Watu wa Tukuyu hawahitaji kuambiwa hili mara mbili.

Hatua ya 4: Vumbi, baridi na bodaboda

Kompyuta nyingi zina feni, na feni hunyonya chochote kilicho hewani. Bwana mmoja mwenye mashine ya kukoboa mpunga huko Mbarali aliniletea yake ikinguruma kama mashine yenyewe. Nilipofungua mgongo nilikuta pumba zimeshonana kwenye matundu kama godoro. Kishikwambi hakina feni, hakivuti kitu. Ukiwa mtu wa kiwandani, ghalani au barabara ya vumbi, ama chukua kishikwambi, ama tafuta kompyuta isiyo na feni. Zipo.

Baridi nayo ina lake. Betri za lithiamu hazipendi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri. Ndani ya nyumba hufiki huko, lakini ukiacha kifaa kwenye gari usiku wa Julai upande wa Kitulo au Mafinga, ambako asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa sakitu, usikichomeke ukiingia tu. Kiache nusu saa kipate joto la chumba, na umande uliojikusanya ndani ukauke. Hapo hapo jiko la mkaa na kifaa visikae chumba kimoja, kwa ajili yako zaidi kuliko kifaa.

Safari haina mengi. Kishikwambi kinaingia kwenye mkoba wa kawaida. Kompyuta inataka begi lenye sponji, nalo kwenye basi linakaa mapajani, siyo kwenye buti.

Hatua ya 5: Piga bei nzima

Usilinganishe bei ya kishikwambi kitupu na bei ya kompyuta. Kompyuta inakuja na kibodi yake. Kishikwambi kikitaka kuandikiwa kwelikweli kinadai kibodi ya kubandika, kava na pengine kalamu. Ukivijumlisha, bei imepanda karibu na ya kompyuta nzuri ya mtumba, na uzito nao umeikaribia kilo moja. Wepesi uliokuwa unaulipia umeshauongezea mizigo.

Mimi hupendekeza katika kila shilingi kumi za bajeti, mbili uziweke kando kwa ajili ya begi au kava, maus, fleshi na bando la kuanzia. Wengi wanamaliza zote kumi dukani, halafu wanabeba kifaa kwenye mfuko wa sokoni.

Na uliza matengenezo kabla. Kompyuta za mtumba zilizotoka maofisini, kama ThinkPad, Latitude na EliteBook, vipuri vyake mafundi wanavijua: betri, kibodi, kioo. Kishikwambi kisicho na jina, kioo kikipasuka, fundi atakutazama kwa huruma tu.

Hatua ya 6: Dukani, usione haya

Niliwahi kuona haya mwenyewe. Nilinunua kompyuta mpya, nyepesi kama sinia, rangi ya dhahabu, bei ikanitoa mate. Sikuuliza lolote kwa kuwa muuzaji alikuwa ananiita "bosi". Kufika nyumbani: RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, hifadhi GB 32 ya aina ya eMMC, iliyo polepole kuliko SSD, na Windows peke yake imekalia zaidi ya nusu. Sasisho la kwanza lilipokuja halikupata pa kukaa. Nikawa kila wiki nafuta picha ili Windows ipumue. Niliiuza kwa hasara, na tangu hapo siogopi kumchosha muuzaji.

Kwa kompyuta, kubali kuanzia RAM GB 8 na hifadhi ya SSD GB 256. Uliza kama RAM inaongezeka. Kwenye nyingi nyepesi imechomelewa kabisa, uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo.

Ukinunua mtumba, soma namba ya prosesa. Hili linawaumiza wengi sasa hivi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel kwa kawaida inataka kizazi cha 8 kwenda mbele. Tazama tarakimu baada ya kistari: i5-8250U ni kizazi cha 8, inafaa. i5-6300U ni cha 6, haifai, hata ing'ae namna gani. Zikianza na 1, kama i5-10210U, soma mbili za mwanzo: hiyo ni ya 10. Soko limejaa hizo za kizazi cha 6 kwa sababu maofisi ya Ulaya na Marekani yanazitupa. Fundi atakwambia ataiwekea Windows 11 kwa ujanja, na kweli itawaka. Siku sasisho kubwa litakapogoma, utamtafuta. Kama unaipenda kwa bei yake, iwekee Linux na ujue unachofanya.

Kisha betri. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Litatokea faili lenye namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake leo. Ya leo ikiwa chini ya nusu ya ile ya kiwandani, punguziwa bei ya betri mpya au ondoka. Muuzaji anayekataa usifanye hivi amekwisha kukujibu.

Bonyeza kila kitufe, kimoja kimoja. Angalia pia mpangilio wake: za mtumba kutoka Ujerumani, Z na Y zimebadilishana nafasi, za Ufaransa, A imekaa penye Q. Mhasibu mmoja aliandika "mzee" ikawa "myee" mwezi mzima kabla hajaniletea akidhani ni virusi. Ikiwaka ikadai nenosiri kabla hata ya Windows kuonekana, iache hapo hapo, hilo ni kufuli la mwenyewe wa zamani.

Kompyuta mpya zenye prosesa za Snapdragon zina betri inayodumu sana, nazipenda. Ila kama unategemea printa ya miaka mingi au programu ya zamani ya uhasibu, jaribu kwanza. Baadhi ya printa hizo hazisomi kabisa.

Kwa kishikwambi, adui ni uongo wa maboksi. Ukiona limeandikwa RAM GB 12 na hifadhi GB 512 kwa bei ya viatu, tabasamu upite. Hata kwenye majina yanayoheshimika, "8 + 8" maana yake RAM halisi ni 8, nane nyingine zimeazimwa kutoka kwenye hifadhi. Kinachotosha matumizi ya kila siku ni RAM halisi GB 4 kwa msomaji, 6 au 8 kwa anayefungua vitu vingi, na hifadhi GB 128. Nenda na faili kubwa la video kwenye fleshi, linakili pale pale, lifungue hadi mwisho.

Kama kinatumia laini, piga *#06# uone IMEI, kisha uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 uone jina na modeli inayorudi. Isipofanana na ulichoshika, rudisha. Kumbuka laini yake itasajiliwa kwa alama za vidole na namba yako ya NIDA kama ya simu. Usipotaka usumbufu huo, chukua cha Wi-Fi na utumie hotspoti ya simu.

iPad ya mtumba iwashe mbele ya aliyekuwa nayo, atoe akaunti yake mwenyewe, uione inaanza upya. Asipoweza, unanunua ubao wa kukatia vitunguu.

Dai risiti ya EFD yenye namba ya kifaa. Waranti ya mdomo huisha muuzaji akibadilisha fremu.

Hatua ya 7: Usiku wa kwanza

Mara tu ukiunganisha kompyuta na hotspoti ya simu, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, chagua jina la hotspoti yako, uwashe kile kipengele kinachoiambia Windows kwamba bando hili linapimwa. Usipofanya hivyo, GB zako za wiki zitaondoka kabla ya taarifa ya habari kuisha. Masasisho makubwa yapakue mahali penye mtandao wa bure, chuoni au ofisini. Kwenye kishikwambi zima masasisho ya programu yasiyosubiri Wi-Fi, na siku ya kwanza kabisa weka nakala ya namba na picha zako.

Halafu andika kitu kimoja kirefu, ukurasa mzima, barua kwa shangazi kama huna cha kuandika. Vidole vikikuuma ukiwa bado ndani ya siku ulizokubaliana na muuzaji kurudisha, rudisha.

Na ukija kuchapisha kwangu, njoo nayo ikiwa PDF.